Kukanda na Kuchua: Pa Kuanzia, Pa Kubonyeza na Pa Kuacha

Tanga hapakosi mtu wa kukandwa. Mkata mkonge anashinda ameinama, mchukuzi wa bandarini anabeba gunia kwa bega lilelile kila siku, fundi cherehani wa Ngamiani ameinamisha shingo tangu asubuhi, na mama anayekuna nazi kwenye mbuzi huinuka ameshika kiuno. Hapakosi pia mtu wa kukanda: bibi wa mtaani, kinyozi, kocha wa mpira, na siku hizi vibao vya masaji. Anayeadimika ni yule anayeuliza maswali kabla hajafungua chupa ya mafuta.

Mwongozo huu ni wa mtu anayemkanda wa nyumbani kwake, awe mama, mume, mzazi aliyejifungua au kijana aliyeumia uwanjani. Ni wa yule pia anayetaka kwenda kwa mkandaji na hajui aombe masaji ya aina gani. Niseme mapema ninavyoona: jina la aina lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Nafuu au madhara hutokana na nani unayemkanda, unabonyeza kwa nguvu kiasi gani, na kama unajua wakati wa kuondoa mikono.

Hatua ya kwanza: uliza, mikono bado mikavu

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kiuno hiki kitaniua."

Mwenye pupa hapo keshakunja mikono ya shati. Wewe kaa kwanza, uliza. Kimeanza lini, na bibi alikuwa anafanya nini? Kinauma hapohapo au maumivu yanashuka mguuni? Akilala yanapungua, au ndiyo yanayomwamsha? Ana homa? Nguo zimeanza kumpwaya? Alianguka karibuni? Kuna mahali pana ganzi? Anameza dawa gani kila siku?

Maumivu yaliyoanza baada ya kuinua ndoo, yanayozidi mtu akiinama na kupoa akijinyoosha, mara nyingi ni ya misuli, na mikono itayafaa. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku wa manane, yakaja na homa, jasho la usiku au kukonda, usiyakande. Kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo, na saratani nayo hutua humo. Mwenye dalili hizo anahitaji kupimwa, na kila wiki anayokandwa ni wiki aliyocheleweshwa.

Iko dalili moja ambayo kila nyumba inapaswa kuijua. Mtu mwenye maumivu ya kiuno akisema amepata ganzi kwenye msamba, yaani pale panapogusa siti ya baiskeli, au hawezi kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu yote miwili inalegea, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mishipa ya fahamu ya chini ya uti inabanwa, na ikikaa muda mrefu bila kufunguliwa huenda isirudie kazi yake.

Kuhusu dawa: anayemeza za kuzuia damu kuganda huchubuka ndani kwa mbonyezo ambao mwingine asingeuhisi. Anayemeza za presha anaweza kuona kizunguzungu akiinuka ghafla baada ya kukandwa. Mwenye kisukari cha muda mrefu huenda miguu yake haihisi tena moto wala maumivu, kwa hiyo ukimuuliza "maji yanaunguza?" atakujibu hapana na ngozi inaungua.

Wasiokandwa

Mguu mmoja ukivimba peke yake, kigimbi kikauma na kuwa na joto, usiuguse. Huenda kuna bonge la damu kwenye mshipa wa ndani. Ukilisugua linaweza kung'oka likasafiri hadi mapafuni, na mtu akafa mikononi mwako. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji, aliyelala kitandani siku nyingi, mjamzito na aliyejifungua karibuni. Akianza kuhema au kuumwa kifua, hiyo ni dharura.

Usimkande pia mwenye homa, wala juu ya jipu, kidonda, ngozi iliyoungua au upele unaoambukiza. Usikande mfupa unaoshukiwa kuvunjika. Usibonyeze juu ya uvimbe usiojulikana, wala mishipa ya damu iliyovimba na kujisokota miguuni. Mwenye saratani anaweza kukandwa kwa wepesi na kupata utulivu, lakini kwa ruhusa ya daktari wake na mbali na uvimbe wenyewe. Mwenye selimundu akishikwa na maumivu makali ya mifupa apelekwe hospitali, masaji yangoje.

Hatua ya pili: mahali, joto na mafuta

Huhitaji meza maalumu. Mkeka wenye godoro jembamba juu yake unatosha, mradi wewe unayekanda upige magoti, uzito wa mwili wako ushuke kupitia mikono iliyonyooka. Anayekanda kwa nguvu za vidole peke yake hachukui muda kabla dole gumba lake halijaanza kuuma. Kitanda cha chumbani mara nyingi kinabonyea sana, na mgongo wako utalipa.

Alale kifudifudi, mto mwembamba chini ya tumbo na mwingine chini ya vifundo vya miguu. Mzee asiyeweza kulala hivyo akalie kiti kwa kukigeuza, kifua kiegemee mgongo wa kiti na mto katikati. Mfunike kanga au shuka, ufunue sehemu unayoikanda tu. Hilo ni la heshima, na pia ni la kitabibu, maana mtu anayeona haya hukaza misuli yote.

Joto litangulie. Taulo iliyochovywa maji ya moto na kukamuliwa vizuri, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ikae dakika 10 hadi 15. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko chako. Kiganja cha mpishi kimezoea moto na si kipimo. Watu huenda hata kwenye chemchemi za salfa za Galanos, karibu na Amboni, kutafuta joto hilohilo. Maji moto hulegeza misuli na viungo vilivyokakamaa. Mengine yanayosimuliwa kuhusu nguvu za maji yale nawaachia wasimuliaji.

Mafuta ya nazi yanatosha kabisa. Ya ufuta ni mazito kidogo na hukaa mkononi muda mrefu zaidi. Ya mnyonyo yananata, yachanganye. Mafuta ya karafuu yasipakwe yenyewe, maana yanaunguza ngozi. Tia matone machache tu katika kikombe kidogo cha mafuta ya nazi, na ujaribu kwanza kwenye mkono. Mafuta hayaponyi kwa kuingia kwenye mfupa kama tunavyoambiwa. Kazi yake ni kuuwezesha mkono kuteleza bila kuivuta ngozi. Dawa ya kupaka yenye mentholi isitumiwe pamoja na taulo ya moto, kwani ngozi huungua upesi vikikutana. Yamimine mafuta kiganjani mwako, yasugue yapate joto, ndipo umguse mtu.

Hatua ya tatu: mikono minne ya kujua

Masaji inayofundishwa sana duniani ni ile inayoitwa ya Kiswidi. Sifa zake hupewa Pehr Henrik Ling, aliyeanzisha chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813. Lakini aliyezipanga namna za mkono zikawa na majina ya Kifaransa yanayotumika hadi leo anahesabiwa kuwa ni daktari wa Uholanzi wa karne ya 19, Johann Georg Mezger. Ukizijua namna nne hivi umeshapata sehemu kubwa ya kazi.

Ya kwanza ni kupapasa kwa kiganja kizima, mkono ukiteleza kuelekea moyoni na kurudi kwa wepesi. Ndiyo ya kuanzia na ndiyo ya kumalizia. Ya pili ni kukanda kwenyewe: unaikamata nyama, unaiinua, unaiminya na kuiachia, mkono huu baada ya ule, kama unavyokanda unga wa maandazi. Ya tatu ni kuchua, ncha ya kidole au dole gumba likisugua mahali padogo kwa mzunguko au kwa kukata msuli. Ya nne ni kubonyeza na kutulia, bila kusugua. Kupigapiga kwa kingo za viganja kupo, kunapendeza kwenye maonyesho, na kwa mgonjwa wa nyumbani unaweza kukuacha kabisa.

Kipimo cha nguvu ni mtu mwenyewe. Mwambie ataje maumivu kwa namba, 0 mpaka 10. Ukiwa kwenye 4 au 5 ya "uchungu mtamu", upo mahali pazuri. Akizuia pumzi, akikunja vidole vya miguu au akikaza makalio, umeshapita, hata kama mdomoni anasema "endelea tu". Watu wetu wana imani kwamba masaji isiyotoa machozi haijafanya kazi. Msuli unaoumizwa hujikaza kujilinda, na unachopambana nacho hapo ni kile ulichokisababisha mwenyewe.

Hatua ya nne: kiuno na mgongo

Hapa ndipo penye kazi nyingi, basi twende polepole.

Anza kwa kupapasa. Weka viganja viwili kiunoni, kimoja kila upande wa uti, vipandishe mpaka mabegani, vizungushe, virudi kwa ubavuni. Fanya hivyo dakika tatu au tano bila haraka. Wakati huo viganja vyako vinasoma: upande gani mgumu, wapi pana joto, wapi mtu anashtuka.

Sasa shughulika na misuli miwili mirefu inayoshuka kandokando ya uti wa mgongo. Itafute upana wa vidole viwili kutoka kwenye mifupa ya katikati. Juu ya mifupa yenyewe usibonyeze hata kidogo. Tumia kisigino cha kiganja, sukuma kutoka kwenye uti kuelekea nje, shuka kidogo kidogo. Chini ya mbavu za mwisho, pale penye figo, mkono uwe mwepesi na usipigepige.

Utakutana na vinundu, sehemu ngumu zenye uchungu ambazo ukizibonyeza maumivu hukimbilia kwingine. Cha begani hupanda kichwani, cha makalioni hushuka pajani. Daktari wa Marekani Janet Travell, aliyemtibu Rais Kennedy mgongo, alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuchora njia hizo za maumivu. Ukikipata kinundu, usikisugue kwa hasira. Bonyeza polepole, tulia kati ya nusu dakika na dakika moja na nusu, mwambie avute pumzi ndefu. Namba ikishuka kutoka 6 hadi 3, achia taratibu, papasa, songa mbele. Kisiposhuka, kiache, urudi siku nyingine.

Usiishie kiunoni. Kwa wanaoendesha baiskeli na wanaokaa muda mrefu, sehemu ya maumivu ya kiuno hutoka makalioni na mapajani. Kunja ngumi, isimamishe kwenye nyama ya nje ya kalio, egemea kwa uzito wa mwili, zungusha kidogo. Katikati ya kalio hupita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ukimgusa akasema umeme umeshuka mpaka kwenye wayo, sogea.

Malizia kwa kupapasa tena. Kazi yote isizidi dakika 30. Ageuke ubavu, akae kitako dakika mbili, ndipo asimame. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokosea, asilale. Atembee, hata kama ni kwenda na kurudi mwisho wa barabara.

Naisisitiza hii, na sababu ninayo. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani kilitoa mwongozo wa maumivu ya kiuno, na kwa maumivu mapya kikataja joto na masaji miongoni mwa mambo ya kuanza nayo kabla ya vidonge. Uingereza walitoa wao mwaka 2016 na walikuwa wagumu zaidi: tiba ya mikono ikubaliwe pale tu inapoandamana na mazoezi. Mimi niko na Waingereza. Mkono hupunguza maumivu kwa saa au siku kadhaa, na katika dirisha hilo ndipo mtu anapaswa kutembea, kuvuta magoti kifuani, na kujifunza kuinua ndoo kwa miguu badala ya mgongo. Anayekandwa Jumamosi na kurudi kuinama vilevile Jumatatu atakuwa mteja wa kudumu.

Shingo, na yale ya kinyozi

Shingo ikandwe mtu akiwa amekaa, paji la uso limeegemea mikono juu ya meza. Minya kwa vidole msuli mnene unaotoka begani kupanda shingoni, kisha shuka na dole gumba kutoka chini ya fuvu, pembeni mwa uti, si juu yake. Mbele na ubavuni mwa koo usibonyeze, maana hapo hupita mishipa mikubwa ya damu inayopeleka chakula kichwani.

Sasa kuna kile kinachofanyika saluni baada ya kunyoa. Kijana anakupapasa kichwa, mabega yanalegea, unasinzia, halafu ghafla anakamata kidevu na kisogo anazungusha: ka! Mlio ule si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi iliyomo kwenye majimaji ya kiungo. Mtu hujisikia mwepesi kwa muda, ndiyo maana huomba tena. Lakini nyuma ya shingo, ndani ya mifupa yenyewe, hupita mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo, na mzunguko wa ghafla unaweza kuchana ukuta wake ukaleta kiharusi. Hutokea kwa nadra. Kwa kuwa faida yake ni mlio tu, sioni sababu ya kucheza bahati nasibu hiyo. Ukishakaa kwenye kiti mwambie mapema, "Kaka, shingo usiizungushe." Baada ya tukio kama hilo, maumivu mapya ya shingo au kisogo, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba au uso kulegea ni mambo ya kukimbizwa hospitali.

Mguu ulioteguka

Kijana amekanyaga vibaya uwanjani, kifundo kimevimba. Desturi ni kumwita mtu wa kuchua palepale, wengine wamshike, avutwe, asuguliwe kwa mafuta ya moto. Hiyo ndiyo njia ya kuongeza kutoka damu ndani.

Mwambie kwanza apige hatua nne. Akishindwa, au ukibonyeza mfupa wa kifundo kwa nyuma, upande wa nje au wa ndani, akaruka kwa maumivu, anahitaji kupigwa picha ya eksirei. Kipimo hicho hutumika hata na madaktari wa dharura, na hakidai mashine.

Kama anatembea, siku mbili tatu za mwanzo hakuna kuchua wala joto. Barafu ya kuhifadhia samaki unaipata soko la Deep Sea; ifunge kitambaani, weka dakika 15 hadi 20, ondoa, rudia baada ya saa kadhaa. Mfunge bandeji isiyobana sana, mguu uinuliwe juu ya mto. Uvimbe ukianza kushuka ndipo papasa kwa wepesi kutoka vidoleni kupanda kigimbini, na yeye mwenyewe aandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Wiki zikipita na kano moja bado inauma mahali padogo, iko namna ya kuichua kwa kuikata kimkingamo, iliyoenezwa na daktari Mwingereza James Cyriax. Hiyo mwachie mtaalamu wa fiziotherapia.

Mzazi na siku zake 40

Huku pwani mzazi hukandwa, na sina nia ya kuiondoa desturi hiyo. Mwanamke aliyebeba mimba miezi tisa, akashinda leba, na sasa ameinamia mtoto anayenyonya usiku kucha, ana haki ya mikono ya mama yake au shangazi yake mgongoni. Mkande mabega, kiuno, miguu kwa wepesi. Mwache azungumze.

Ninachokipinga ni maji ya kuchemka na ngumi tumboni. Damu ya uzazi hutoka yenyewe kwa wiki nne hadi sita, na kizazi kinajirudia chenyewe. Mkunga hospitalini husugua tumbo mara baada ya kondo kutoka ili kizazi kikaze na damu isizidi; hiyo ni kazi ya dakika zile, yenye sababu yake, na si ruhusa ya kumbonyeza mtu wiki nzima. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo kabisa mpaka aruhusiwe kliniki. Hudhurio la siku ya 42 ni mahali pazuri pa kuuliza. Maji yawe ya moto wa kustahimilika. Wanaoungua ni wengi, na wengi hunyamaza kwa kumstahi anayewakanda.

Damu ikijaza pedi ndani ya saa moja, au ikaja harufu mbaya na homa, au kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, au mguu mmoja kuvimba, acha kukanda, tafuta usafiri.

Mtoto mchanga naye apapaswe kwa mafuta kidogo akiwa macho na ameshiba kiasi, kiganja kikizunguka tumboni kufuata mwendo wa saa. Kumning'iniza kwa mikono au miguu ili "anyooke" kuachwe.

Matende: kosa la mkono mzito

Pwani hii inayajua matende. Ugonjwa huu, unaoletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, huharibu mirija ya limfu, na maji hubaki mguuni. Mkandaji akiuona mguu mnene hufikiri ausukume kwa nguvu "maji yatoke". Mirija hiyo iko chini kidogo tu ya ngozi, na mkono mzito huiziba.

Masaji ya limfu ipo. Iliasisiwa miaka ya 1930 na mume na mke kutoka Denmark, Emil na Estrid Vodder, na leo hutumika hasa kwa walioondolewa tezi baada ya saratani ya matiti. Mkono wake ni mwepesi kiasi cha kuisogeza ngozi tu, na huanza juu, karibu na kinena au kwapa, kabla ya kushuka. Inadai mafunzo. Nyumbani, kinachomfaa mwenye matende kila siku ni kuosha mguu kwa sabuni na maji safi, kukausha vizuri katikati ya vidole, kutibu kila mchubuko, kuuinua mguu akikaa, na kukunja na kunyoosha kifundo. Mguu ukiwa mwekundu na wa moto, mtoki umesimama na homa imepanda, usikandwe. Aende akapate dawa. Na busha haliondoki kwa kuchuliwa hata mwaka mzima. Tiba yake ni upasuaji mdogo.

Majina utakayoyaona kwenye vibao

Ya Kiswidi tumeshaiona. Kwa mtu aliyechoka, asiyelala vizuri au anayekandwa mara ya kwanza, aanzie hapo. Masaji ya kina ni kukanda kwa polepole na kwa nguvu zaidi, kwa kiwiko au fundo za vidole, kwa msuli uliokaza muda mrefu. Isifanyiwe mzee mwenye mifupa dhaifu wala anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Ya michezo inachanganya kukanda na kunyoosha, nyepesi na ya haraka kabla ya mechi, ya taratibu baada yake. Msiambiwe kwamba inaondoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya mchezo.

Ya Kithai hufanyika chini, umevaa nguo zako, bila mafuta, na mkandaji anakunyoosha kwa mikono, magoti na hata nyayo zake. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2019. Shiatsu ya Japani ni ya kubonyeza kwa madole gumba. Refleksolojia ya nyayo inadai kila kiungo cha ndani kina mahali pake kwenye wayo. Kukandwa nyayo kunaburudisha kweli, lakini ugonjwa wa ini au figo hausomeki kwenye kisigino, na anayekwambia ameuona anakaribia kukuuzia dawa. Mawe ya moto ni joto tu lililopambwa. Kusingwa kwa liwa ni pambo la bibi harusi, kuzuri sana, na hakuna anayekudai cheti.

Kwa nani uende

Maumivu yaliyotokana na ajali, upasuaji, kiharusi au yaliyokaa zaidi ya wiki sita, anzia kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Katika mkoa huu hospitali ya rufaa ya Bombo ndiyo pa kuulizia. Mgonjwa wa kiharusi hasa asivutwe mkono uliopooza, maana bega lake limelegea na hutoka kwa urahisi. Mwenye mafunzo atakuonyesha namna ya kumshika.

Anayetoa tiba ya jadi muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Cheti peke yake hakitoshi. Mtazame. Anakuuliza kabla ya kukugusa? Ananawa? Shuka imebadilishwa? Anakufunika? Ukisema basi, anaacha? Akikwambia uache dawa za presha au sukari, vaa viatu. Na mahali penye taa ya rangi, mlango wa komeo na bei inayobadilika ukishavua shati, sote tunajua panauza nini, na si masaji. Una haki ya kuomba mtu wa jinsia yako, na una haki ya kuwa na mwenzio chumbani.

Kesho yake

Uchungu mdogo wa misuli kwa siku moja au mbili ni kawaida. Michubuko ya bluu, ganzi mpya au maumivu kuzidi si kawaida, hata kama mkandaji anasema ndiyo "ugonjwa unatoka". Kunywa maji kama ulivyo na kiu. Hakuna sumu iliyosuguliwa ikatoka, ambayo maji yatakuja kuisafisha. Mara mbili kwa wiki inatosha. Andika mahali namba ya maumivu kabla ya kila mkando na siku inayofuata. Ikiwa baada ya mara nne namba haijasogea, acha kulipia mkono huo, chukua karatasi hiyo uende nayo hospitali. Daktari ataisoma upesi kuliko maelezo ya mdomo.